Mngurumo Niliounyamazisha

Nyinyi mnaocheza gita kwa kupenda tu, jioni baada ya kazi au Jumapili kanisani, nawajua vizuri. Nimewatengenezea magita kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Kisauni, kisha hapa nyumbani kwangu Mtopanga. Mnakuja na gita limefungwa kwa shuka, mnasema, "Fundi Karisa, lina tatizo dogo tu," nami nikilifungua nakuta kutu, mchanga, na mara moja nilikuta mjusi aliyekauka chini ya pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi. Mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba sauti imekuwa nzito.

Sasa kazi nimeiacha. Mikono haitetemeki na macho bado yanaona uzi mwembamba. Niliacha kwa sababu nyingine, nitawaeleza. Lakini kwanza niwape machache ya kuwafaa, maana sijui kama mtataka kunisikiliza nikishalisema hilo jingine.

Nyuzi za gita la umeme ni chuma, na hewa ya kwetu ina chumvi. Ongeza jasho la vidole, na wiki mbili zinatosha kuzifanya zikwaruze kama msasa. Dawa yake ni kipande cha kanga kuukuu, kikavu. Ukimaliza kucheza, pangusa uzi mmoja mmoja, juu na chini yake, kabla hujaliweka gita. Basi. Msipake mafuta. Bwana mmoja wa Changamwe, mtu wa ofisini, nadhifu, alipaka zake mafuta ya nazi kila Ijumaa. Kutu haikushika, nakubali. Walikuja panya. Aliniletea gita lenye shingo iliyotafunwa kama gunzi la hindi, akaniuliza kama naweza kulipiga msasa kidogo.

Shingo nayo ina fimbo ya chuma ndani yake, ya kuinyoosha inapopinda kwa unyevu. Ukiigeuza, geuza robo mzunguko, kisha uliache gita hadi kesho yake. Mti hauna haraka. Mwalimu mmoja aliigeuza mizunguko miwili kwa mpigo mmoja mbele ya macho yangu, huku nikimwambia aache, na tukasikia mlio kama wa mfupa. Akachungulia chini yake, akasema, "Labda ni kiti." Hakikuwa kiti.

Na mkinunua, msinunue jina. Gita la kawaida lililopangwa vizuri, nyuzi ziko karibu na mbao bila kugonga, litakufaa kuliko la fahari lenye shingo iliyopinda. Amplifaya ya mtumba inunue ukiwa umekwisha kuifungua plagi yake na kutazama ndani. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Aliyenifunza kazi alikuwa Fundi Athmani, mzee wa Kisauni aliyetengeneza redio na amplifaya tangu zama za valvu. Mimi nilikuwa nimetoka Kaloleni nikijua kuchomelea vyuma tu, nikadhani lehemu ni mambo hayo hayo. Juma la kwanza niliichoma pikapu ya mteja. Ndani ya pikapu mna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mizunguko, nami niliukandamiza moto mpaka ukayeyuka. Nilimpelekea mzee ile pikapu kwenye viganja viwili, kama aliyebeba kifaranga kilichokufa. Akaitazama, akanitazama.

"Mwanangu, kwenu samaki hukaangwa hivi?"

Akanikalisha siku tatu nikiuzungusha waya mpya kwa mkono. Hakunipigia kelele hata mara moja. Alipandisha sauti kwa jambo moja tu katika miaka yote tisa niliyokaa naye.

Lililetwa gita linalonguruma. Mnaujua mngurumo huo, ule unaokaa chini ya muziki hata kama hujagusa kitu. Nilikuwa nimesikia kwa mafundi wengine kwamba ukiifungua plagi ya amplifaya ukauondoa ule waya wa kijani na manjano, waya wa ardhi, mara nyingi kelele hukatika. Nikaishika bisibisi. Athmani akanyanyuka kitini.

"Hunu huugusi. Gita lingurumapo lataka kukwambia jambo. Huenda pikapu haina kinga, huenda lehemu imelegea, huenda taa ya mrija iko karibu. Tafuta. Lakini waya hunu, wallahi, nikikuona umeukata hukai hapa kwangu."

Kisha akaketi, akanieleza kwa upole. Ndani ya amplifaya mna umeme wa kuua. Siku kitu kikiharibika humo, umeme huo hushika bati lake, ukapita kwenye kebo hadi kwenye gita, na nyuzi zote sita zikawa na moto. Waya wa ardhi huuchukua umeme huo ukaushusha ardhini, fyuzi ikaungua, na mchezaji akabaki akijiuliza kwa nini sauti imezimika. Ukiukata waya huo, umeme utangoja mpaka upate njia nyingine. Njia hiyo ni mtu.

Nilielewa. Sitaki mtu aseme kwamba sikujua.

Fundi Athmani alifariki, nikafungua karakana yangu hapa Mtopanga. Wateja wa siku hizi wana haraka. Kuutafuta mngurumo mpaka kuupata ni kazi ya siku mbili, tatu. Kuukata waya ni dakika nne. Mara ya kwanza nilipoukata nilikaa na hofu wiki nzima. Mara ya pili hofu ilikaa siku moja. Baadaye nikawa nafanya huku nikiongea na mteja habari za mvua.

Mbeyu alikuwa msichana wa Port Reitz, karani wa kampuni ya mizigo kule karibu na uwanja wa ndege. Alicheza gita na kuongoza nyimbo katika kanisa moja la Changamwe. Alikuwa na mkono wa kushoto wa ajabu. Vidole vyake vilitembea juu ya shingo ya gita bila yeye kuvitazama, huku akiongea nawe mambo mengine. Jumamosi moja, saa kumi, alikuja na amplifaya ya kanisa ndani ya tuktuk.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nini?"

"Inanguruma. Kesho tuna kwaya tatu za wageni, na nikiimba taratibu kelele inanishinda."

Nikaichomeka, nikasikiliza. Kwa mlio ule, transfoma ilikuwa inachakaa. Ilitaka kufunguliwa yote.

"Niachie hadi Jumanne."

"Kesho ndiyo siku yenyewe, Fundi. Tafadhali."

Nikamgeuzia mgongo, nikaifungua plagi. Kazi ambayo huna aibu nayo huigeuzii mtu mgongo. Nilikata waya wa ardhi, nikauviringa tepu nyeusi, nikafunga. Nilipowasha tena, kimya. Mbeyu alipiga makofi.

"Umefanya nini?"

"Siri ya fundi," nikamwambia, nikacheka.

Yaliyofuata nilielezwa na waliokuwapo. Ulikuwa wimbo wa pili. Ukumbi ulikuwa mpya, umetandazwa nyaya mwezi uleule na fundi mmoja wa umeme aitwaye Kilonzo, Mkamba aliyeishi Mjambere. Mbeyu aliinama kwenye maikrofoni na midomo yake ikaigusa. Hakupiga kelele. Umeme hauachi mtu apige kelele. Alikaza, kichwa nyuma, mkono wa kushoto umelibana gita kama kwamba mtu anamnyang'anya. Watu walidhani ameshukiwa na Roho. Walianza kushangilia, wengine wakasimama na kuinua mikono. Ikapita muda hivyo. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyeuona moshi vidoleni, akaipiga teke meza yenye nyaya, plagi ikachomoka.

Aliishi. Mdomo wake una kovu. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto viliungua hadi mfupa pale nyuzi zilipokuwa, na hospitali wakavikata.

Jumatatu Mzee Nyamawi, mmoja wa wazee wa kanisa, alinipigia simu. Hakujua kwamba Mbeyu alikuja kwangu. Msichana alikuwa bado hajaweza kuzungumza.

"Fundi Karisa, wewe ndiwe unayejua vitu hivi. Njoo utuangalie ni nini kilichotupata."

Nilikwenda. Wazee watano walisimama pembeni wakinipa nafasi, kwa heshima, kama mtu anavyompa daktari nafasi. Niliifungua amplifaya. Transfoma ilikuwa imekwisha, umeme umevujia kwenye bati. Niliifungua plagi, nikaiona tepu yangu. Nikaifunga. Kisha nilizipima soketi za ukumbi moja baada ya moja, na zote zilikuwa sawa. Kazi safi kabisa. Kwa kuwa zilikuwa sawa, maikrofoni ilikuwa imefika ardhini vizuri, kama inavyotakiwa. Na umeme uliokosa waya wangu ulipita kwenye vidole vya Mbeyu ukatokea mdomoni.

Mzee Nyamawi akanisogelea. "Ni hizi nyaya mpya, sivyo?"

Nikasema, "Huenda."

Neno moja. Sikusema ndiyo. Nilijifariji kwa hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye vijana wa kanisa walikwenda Mjambere wakaivunja ngazi ya Kilonzo mbele ya watoto wake. Habari zikaenea Kisauni yote kwamba ni fundi wa kuua watu. Nyumba mbili alizokuwa akizitandaza nyaya, wenyewe walimzuia langoni. Nami nilizipata habari hizo zote, maana karakana ni mahali pa habari, na nilitikisa kichwa pamoja na waliozileta.

Siku ya kumi na tisa tangu Jumatatu ile, Kilonzo mwenyewe alikuja kwangu, asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ameshika daftari dogo la shule.

"Mzee, mimi nimekuja unisaidie," akasema. "Hiyo kazi nilifanya vizuri. Nilipima kila soketi mara mbili, nimeandika hapa, angalia. Lakini mimi wakinisikia wanaona najitetea. Wewe ulikagua, na wewe wanakuheshimu. Ukienda uwaambie tu ulichoona, itatosha."

Alilifungua daftari akaliweka mbele yangu, juu ya meza ya kazi. Mwandiko wa kalamu ya risasi, mistari imepigwa kwa rula. Nililitazama muda mrefu.

"Kilonzo," nikasema, "nyaya zako hazina kosa. Plagi ya amplifaya nilikata waya wa ardhi mimi. Jumamosi ile, hapa ulipokaa."

Nje kulikuwa na mwanamke anafua. Nilisikia maji yakimwagwa.

"Ulijua lini kama ni hiyo?"

"Jumatatu ile ile, nilipoifungua."

"Siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

Akalifunga daftari. "Vaa viatu," akasema. "Twende."

Tulikwenda Changamwe. Mzee Nyamawi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kuishika tu. "Sisi tumemvunjia mtu ngazi," akasema. Kanisa lilimwomba Kilonzo radhi hadharani Jumapili iliyofuata, wakampelekea ngazi mpya. Hakuipokea. Aliwaambia waliochafua jina lake wapite nyumba kwa nyumba kulisafisha, kama walivyopita mwanzo. Baadhi walipita. Wengi hawakupita.

Nilitarajia polisi. Familia ya Mbeyu ilikaa kikao, na baba yake akasema polisi hawataotesha vidole. Waliniacha nikae na jambo langu, na nawaambia ingekuwa nafuu kufungwa.

Kwa Mbeyu nilikwenda peke yangu. Alikuwa amekaa barazani Port Reitz, mkono umefungwa bendeji, mdomo umevimba upande mmoja. Aliniamkia kama kawaida, shikamoo, na hiyo shikamoo ilinikata. Nikamweleza yote.

"Nilikuuliza umefanya nini," akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema siri ya fundi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ungeniambia umeondoa kinga, ningekwambia uiache ingurume."

Nikaaga.

Nilidhani ipo kazi ya kunitoa pale. Mtu wa mikono hufikiri hivyo. Nililichukua gita lake kutoka kanisani, nikaligeuza lishikwe kwa mkono wa pili: nikachonga kidaraja kipya cha mfupa juu ya shingo, nikazipanga nyuzi kinyume, nikahamisha kishikizo cha mkanda, nikapanga kila uzi upya mpaka sauti ikalingana shingo nzima. Mkono wa kulia ungeshika nyuzi, wa kushoto ungepiga kwa vidole vilivyobaki. Mwezi mzima. Katika maisha yangu sijapata kulipanga gita vizuri kama lile. Pikapu nilizizungushia kinga ya bati laini. Halikuwa na mngurumo wowote, na safari hii kwa njia ya haki.

Nilimpelekea Mbeyu, akalipakata, akapitisha vidole mara moja kwenye nyuzi kwa mkono wa kulia. Alicheka kidogo, maana ule mkono haukujua chochote. Kisha akanirudishia.

"Umelitengeneza vizuri, baba. Kaa nalo."

"Utajifunza polepole."

"Najua naweza. Sitaki." Akaingia ndani.

Nilikuwa nimefika kituo cha matatu simu ya Kilonzo iliponipata. Tangu siku ile ya Changamwe hakuwa amenipigia.

"Nimekuwa nikifikiria kitu," akasema. "Ulikata ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Plagi, mzee. Hiyo ya kanisa haikuwa ya kwanza. Mtu hakati waya wa ardhi kwa dakika nne, kama ulivyowaambia wazee, ikiwa ni mara yake ya kwanza."

Ndipo nilipoanza kuhesabu, pale pale kituoni. Saba. Ya Mbeyu ikiwa moja, zilibaki sita, katika nyumba za watu, zimechomekwa.

Tulizitafuta pamoja, Kilonzo na mimi. Msidhani tulipatana. Alikuja na testa yake ya kupimia umeme na hakunywa maji yangu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimi sijakusamehe. Nimekuja kwa sababu nyinyi wawili, wewe na amplifaya, siwaamini mkiwa peke yenu." Tulipata mbili Kisauni kwa siku moja. Ya tatu ilikuwa Changamwe, kwenye chumba cha mfanyakazi wa bandari, ambaye alitusikiliza, akachukua plagi kutoka mkononi mwangu na kumpa Kilonzo airekebishe. Ya nne ilikuwa Mjambere, hatua mia kutoka kwa Kilonzo. Watoto wake walikuwa wakienda kusikiliza gita hapo kila Jumamosi. Aliposikia hivyo alikaa chini kwenye ngazi za mlango wa watu.

Ya tano tuliipata Likoni, ng'ambo ya feri. Mama mwenye nyumba alitukaribisha vizuri. Mumewe hucheza, akasema, na watoto pia.

"Lakini hiyo huwa inatupiga shoti kidogo," akaongeza. "Tumeizoea. Ukivaa ndara haikupati."

Kilonzo alinitazama. Aliiweka testa kwenye bati la amplifaya na taa yake ikawaka. Nililazimika kutoka nje.

Hapo ndipo nilipofunga karakana. Vifaa nilimwachia fundi mmoja kijana kwa sharti kwamba kila plagi aifungue mbele ya mteja na amwonyeshe waya wa ardhi. Nasikia hufanya hivyo. Mbeyu bado yuko Port Reitz na bado ni karani. Haimbi. Kilonzo amerudi kwao Kitui na familia; kazi huku haikupata kurudi kama zamani.

Nanyi nawaomba haya. Ukigusa nyuzi ukahisi kutekenywa, zima ukutani kwanza, ndipo ujiulize maswali. Usiguse maikrofoni na gita kwa pamoja katika ukumbi usioujua mpaka mtu mwenye testa apime. Fundi akiumaliza mngurumo wako haraka sana, muulize alifanya nini, na asipotaka kukueleza, chukua mali yako uondoke.

Nimesema zilibaki sita, nanyi mmenihesabia tano. Ya sita niliitengenezea bwana mmoja wa Likoni ambaye aliiuza kabla hatujafika kwake, kwa mtu aliyemkuta sokoni, asiyemjua jina. Tumeuliza Likoni, Kisauni, Changamwe, kanisani na kwenye harusi. Ni nyeusi, kubwa kama kreti ya soda, kitambaa cha mbele kimechanika pembeni chini, na kitufe kimoja cha kuzungusha ni cha redio, cheupe, kwa sababu chake kilipotea nikaweka nilichokuwa nacho. Haingurumi hata kidogo. Ukimkuta mtu anaicheza, nenda ukutani uichomoe. Usingoje amalize wimbo.